Gramafoni ya Babu na Mpira wa Lori

Gramafoni ya Babu ilikuwa na adabu kuliko wajukuu wake wote. Ukiusogeza tu mkono wa sindano kuelekea santuri, sahani inaanza kuzunguka yenyewe. Wimbo ukiisha, mkono unarudi mahali pake na mota inajizima. Hata kuitika haihitaji kuitwa. Kwa hiyo Ijumaa moja, mkono uliposogezwa na sahani isitikisike, Babu aliona amedharauliwa.

"Imenuna," alitangaza.

Tanga ukisema kitu kimeharibika, mafundi wanachipuka. Jirani wa kushoto akasema transfoma imeungua. Bibi akasema ni vumbi, maana kila ugonjwa wa nyumba hii ni vumbi. Kijana wa bodaboda aliyeleta maji akashauri kitupwe, tununue spika ya Bluetooth. Babu alimtazama mpaka akasahau kudai hela yake. Fundi redio akaja na bisibisi sikioni, akagonga mbao za ubavuni, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu: "Mota imekufa, mzee. Poleni."

Tukapoa. Kabati zima la santuri za Black Star na Lucky Star, vikundi vya hapa hapa Tanga vilivyotia magitaa ya umeme kwenye taarabu, limefiwa.

Mimi nikainama nikategesha sikio. Chini kulikuwa na mlio, mmmm, mwembamba. Maiti hailii. Mota inayolia huku sahani imesimama mara nyingi ni nzima. Kilichokufa ni kile kinachowaunganisha, yaani mkanda. Nikaomba ruhusa, nikaishika sahani huku na huku, nikaivuta juu. Mkanda haukuwepo. Palikuwa na lami. Mpira ukikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu wa pwani hauishii kukatika, unayeyuka, na huu ulikuwa umejipaka kwenye puli, kile kigurudumu kidogo cha mota, na ukingo wote wa sahani ya ndani.

"Babu, usi—"

Ameshatia kidole. Tena amevaa kanzu nyeupe ya Ijumaa, imepigwa pasi mpaka inasimama peke yake. Lami ile haifutiki, inahama tu. Kutoka kidoleni ikaenda kwenye leso, leso ikaipeleka puani, pua ikawashwa, mkono ukapanda hadi kwenye kofia, na alipojishika kifuani kwa mshtuko, kanzu nayo ikapata mgao wake. Kitasa cha mlango mpaka leo kinanata. Bibi alikuja na kitambaa na mafuta ya taa, akamsugua akimsomea makosa yake ya tangu walipooana. Kanzu nyingine ilipatikana, ila harufu haikubadilishwa. Alikwenda msikitini ananuka kama koroboi, na nasikia safu aliyosali ilikuwa na nafasi ya kutosha.

Aliporudi nilikuwa nimeshazisafisha puli na sahani kwa spiriti. Kilichobaki ni mkanda, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Madukani kulikuwa na mikanda ya redio kaseti, mifupi, ingetosha kufungia vitumbua. Fundi redio, ambaye sasa hakutaka kuikumbuka ile mota marehemu, akaleta lastiki ya cherehani na kuifunga fundo. Ikazunguka! Tukapiga makofi. Sindano ikatua, Shakila akaanza kuimba, na kila fundo lilipopita kwenye puli akapata kwikwi.

"Mpeni maji," Bibi alisema.

Wazo la mpira wa lori lilikuwa la fundi huyo huyo, na nakiri lilikuwa na akili: tyubu ya gari kubwa ukiikata mkato wa soseji unapata pete nzima isiyo na fundo. Kasoro yake ni unene. Puli ya mota ni nyembamba, na mkanda mnene unaifanya iwe nene pia, basi sahani inakwenda mbio. Santuri ya mizunguko 45 kwa dakika ikawa inakimbia kupita 50. Sauti ya Shakila ikawa ya binti wa shule ya msingi anayewahi kengele, na wapiga ngoma wanamfukuza nyuma.

Fundi akasema hilo dogo, akageuza kitufe kutoka 45 kwenda 33. Mkanda ukashukia sehemu nyembamba ya puli, sahani ikapungua mwendo, na spikani likatoka jitu zima la kiume, linalalamikia mapenzi kwa sauti ya kukoroma.

Babu akasimama. "Huyu dume nani?"

"Ni Shakila, Babu."

"Muwashe binti. Huyu sitaki anibembeleze."

Tukarudi 45. Wakati huo shangazi yangu anayeishi Muscat alikuwa amekuja likizo, na yeye na Bibi walikuwa wameshaacha kusikitika na kuingia uwanjani. Taarabu ya mwendo wa kunyata iligeuka mchakamchaka. Bibi, ambaye magoti yake ndiyo sababu ya kutokwenda sokoni, alizunguka meza khanga ikipepea. Jirani wa kushoto alichungulia kujua transfoma ilifufukaje, akavutwa ndani.

Shangazi alipoondoka nilimpa uzi nilioupima kuzunguka sahani ya ndani na puli, nikamwambia mkanda uwe mfupi kidogo kuliko huo ili ukae kwa kujivuta. Ukaletwa na msafiri: bapa, mweusi, mwembamba. Nikauvisha. Shakila akarudi na sauti yake halisi, pole pole, kila neno mahali pake, na Babu akafumba macho kwa raha.

Bibi alisikiliza beti moja, mikono kiunoni.

"Rudisheni ya lori," akasema. "Hii ya Muscat inanitia usingizi."