Eti Inakubali Kompyuta Zote

Jamani, mimi nilitaka daftari tu. Programu ya kuandikia mambo madogo madogo: lipa bili, mpigie fundi. Nikaipata moja imejinadi kwa herufi kubwa kwamba inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Nikasema huyu ndiye wetu, hana ubaguzi.

Masharti kumbe yako chini kabisa, kwa maandishi ya kijivu ambayo lazima usogeze pua kwenye kioo. Mfumo wa biti 64, yaani wa kisasa, si ule wa zamani wa biti 32. Rami (RAM, kumbukumbu ya muda ambayo programu hutumia zikiwa wazi) gigabaiti 4 kwa uchache, 8 "zinapendekezwa". Ya nini? Windows 95 nzima, na menyu zake zote, iliomba megabaiti 4. Megabaiti! Leo naombwa zaidi ya mara elfu ya hizo ili niandike "mpigie fundi".

Na hiyo "kwa uchache" nayo ina vituko vyake. Windows 11 peke yake, kabla hujafungua kitu, kiwango chake cha chini ni gigabaiti 4. Daftari nalo linataka 4. Ni kama wapangaji wawili waliopewa ufunguo wa chumba kimoja, kila mmoja kaambiwa chake. Kwa hiyo "kwa uchache" maana yake programu itafunguka. Kwamba utaweza kuitumia, hapo hakuna aliyekuahidi.

Ikafunguka kweli. Feni ikaanza kuvuma. Nikabonyeza herufi M, nikasubiri, M ikaja taratibu kama imeitwa kikaoni. Nikafungua orodha ya kazi zinazoendelea ndani ya kompyuta, nikakuta jina la daftari limejipanga foleni, moja chini ya jingine. Huyu wa dirisha, huyu wa michoro, huyu wa mtandao, na mkubwa wao anayewasimamia. Kamati nzima kwa ajili ya maneno mawili!

Siri yenyewe ni Electron, zana ya kutengenezea programu. Mtengenezaji anaandika programu yake kama tovuti, kisha anaifungasha pamoja na kivinjari kizima cha Chromium, na Node.js juu, ile inayoendesha msimbo wa JavaScript nje ya kivinjari. Kila programu ya namna hiyo inakuja na kivinjari chake. Ukiwa na ya gumzo, ya daftari na ya muziki, una vivinjari vitatu, ukiacha kile unachokijua. (Sikatai, bila ujanja huo watu wa Linux wengi wangeambulia patupu, maana nani ana pesa za kuandika programu ileile mara tatu?) Ila kazi waliyojipunguzia wao haikuyeyuka, imehamia kwenye rami yangu.

Wala si ahadi mpya. Mwaka 1995 Sun Microsystems walikuja na Java na kaulimbiu ya "andika mara moja, endesha popote". Waandishi wa programu wenyewe wakaigeuza: andika mara moja, rekebisha kila mahali.

Halafu hizo "zote" zenyewe! Kwenye Mac, tangu macOS Catalina ya 2019 programu za biti 32 hazifunguki, na tangu 2020 lazima kwanza ujue chipu yako ni ya Intel au ya Apple. Kwenye Linux unaambiwa uwe na glibc, maktaba ya msingi ambayo programu nyingi huitegemea, toleo fulani au jipya zaidi. Ukiwa na la zamani unapewa mstari mmoja wa makosa, kwaheri. Na unapofika kupakua unapangiwa aina za chipu na za vifurushi: x64, arm64, deb, rpm, AppImage. Hii ni programu au ukoo?

Juzi limetokea tangazo katikati ya kioo: toleo jipya liko tayari, ila linahitaji mfumo endeshi mpya zaidi. Nimebofya "nikumbushe baadaye". Hicho kitufe kilijibu papo hapo, hata feni haikusikika.