Mwanafunzi asiye na yunifomu

Juzi, kwenye taksi ya kutoka Bombo kwenda Kampala, kijana mmoja aliomba apunguziwe nauli kwa kuwa ni mwanafunzi. Konda akamtazama kuanzia kichwani hadi viatuni. "Mwanafunzi gani hana yunifomu?" Taksi nzima ikacheka. Mama mmoja kiti cha nyuma akamalizia: mtu mzima wa miaka ishirini na mbili habebwi tena, alipe kama wenzake.

Nami nilicheka. Kisha nikamkumbuka mpwa wangu, na lile swali: je, wanafunzi wa vyuo wasafiri bure?

Anasomea umeme katika chuo kimoja cha ufundi upande wa Nakawa, na anakwenda na kurudi kila siku kwa kuwa chumba cha kupanga mjini hatukiwezi. Taksi hadi paki ya mjini, taksi nyingine hadi chuoni. Jioni vivyo hivyo. Hiyo ni kama shilingi 14,000 kwa siku, mvua isiponyesha, maana mawingu yakitanda tu konda naye anapandisha. Kwa wiki tano za masomo ni 350,000. Ukifika mwisho wa muhula, nauli imeikaribia ada yenyewe.

Serikali ya Uganda ilianza kulipia ada ya shule ya msingi mwaka 1997, ya sekondari 2007. Mkopo wa elimu ya juu, uliotungiwa sheria 2014, unalipa ada na gharama za chuo. Nauli ni juu yako. Tena mkopo huo ni wa shahada na diploma, na mpwa wangu anasomea cheti.

Wanaopinga usafiri wa bure wana hoja moja inayouma: kwa nini mwendesha boda aliyeishia darasa la saba amlipie nauli mtu anayekwenda chuo? Sina jibu la kumfunga mdomo. Ila wengi wa hao waendesha boda ndio wangekuwa kwenye karakana za chuo kama kufika kungewezekana.

Lakini bure kwa wote siungi mkono. Taksi zetu ni za watu binafsi, viti kumi na vinne, kila kimoja kinasubiriwa na tajiri mwenye gari. Ukimwambia konda "serikali italipa", atakushusha njiani, Kawempe. Afadhali nauli iingizwe kwenye mkopo, vyuo vya ufundi vikiwemo, kama NSFAS, mfuko wa kufadhili wanafunzi wa Afrika Kusini, unavyowapa wanafunzi wa vyuo vya ufundi posho ya usafiri. Na treni ya abiria ya Kampala hadi Namanve, ambayo ni mali ya umma, ipokee kitambulisho cha chuo kwa nusu nauli. Hapo hakuna konda wa kubishana naye.

Wiki hii mpwa wangu amekwenda Jumatatu, Jumanne na Alhamisi. Ijumaa ndiyo siku ya kufunga nyaya za nyumba kwa vitendo. Amenipigia simu kuuliza kama nina elfu kumi na nne.