Kufa Mara Ishirini Si Kina cha Mapigano

Kwenye banda la gemu nililokulia, Tabata, God of War ilikuwa gemu ya mwenye hela. Mpira ulilipiwa kwa mechi. God of War ulilipia muda, na mwenye banda hakufurahi kukuona umeng'ang'ania pedi saa nzima huku watu wa mpira wamejazana nyuma ya benchi. Kwa hiyo ulicheza mbio mbio, na kidole gumba kilijua wimbo mmoja tu: mraba, mraba, pembetatu. Mraba, mraba, pembetatu. Minyororo inazunguka, maadui wanarushwa huku na kule, orbu nyekundu, zile duara za nguvu, zinamiminika kifuani kwa Kratos, shujaa wa gemu. Pedi za pale alama ya mraba ilishafutika kitambo.

Nayasema haya kwa sababu nina rafiki zangu, watu wazima wenye familia, ambao mpaka leo wanalalamika kwamba God of War ya 2018 iliua mapigano. Kratos haruki tena. Kamera imembana begani kama kondakta wa daladala. Silaha ni shoka moja mpaka karibu nusu ya safari. Kwao mapigano yalikuwa yale ya gemu mbili za kwanza, ya 2005 na ya 2007. Jamani, si tulikuwa wote pale bandani? Tulitoka baharini mpaka kwa Ares, mungu wa vita tunayepigana naye mwishoni, kwa vitufe viwili! Ugumu ulikuwepo, sikatai. Zile nguzo za kuzimu zenye visu tulizokuwa tunazipanda zimewahi kumtoa mtu machozi mbele yangu. Na ukifa mara kadhaa mfululizo gemu yenyewe ilikuuliza kama ungependa kuhamia kiwango rahisi, swali ambalo benchi zima lilikusomea kwa sauti. Lakini mchezo unaokuua sana na mchezo unaokupa mengi ya kufanya ni vitu viwili tofauti, na sisi tulivichanganya tangu utotoni.

Kinachochekesha ni kwamba aliyeongoza ile ya pili ya 2007, Cory Barlog, ndiye huyo huyo aliyerudi kuongoza hii ya 2018 na kumnyang'anya Kratos kitufe cha kuruka.

Sasa na upande wa pili nao nina ugomvi nao: wale wanaokwambia cheza kiwango cha juu kabisa, kile kinachoitwa Nipe God of War, ndiyo utaona kina chake. Nilifanya hivyo. Ukishakichagua hakuna kushuka, labda uanze gemu upya. Draugr wa kwanza kabisa, maiti mwenye silaha pale msituni, alinilaza kwa mapigo mawili. Nikabonyeza mraba, mraba, pembetatu kwa mazoea ya miaka kumi na kitu. Atreus, mtoto wa Kratos, akapiga mshale, akapiga mwingine, na pembetatu ikaita shoka ambalo sikuwa nimelirusha. Nikafa nimesimama.

Ubaya ni kwamba ule ugumu umekaa kinyume. Mwanzoni huna ujuzi wowote uliofungua, mavazi yako ni matambara, kwa hiyo kinachokuua ni hesabu: adui ana damu nyingi, yaani uhai, wewe una kidogo. Ukikutana na mwenye namba ya daraja iliyokuzidi mbali, mstari wake wa uhai unageuka zambarau, na hapo hata ukiwa fundi wa mafundi atakumaliza kwa kofi. Saa ishirini baadaye umeshona mavazi mazuri kwa wale ndugu wawili wahunzi, umefungua kila kitu, na gemu imelegea kama kamba ya nguo. Yaani inakubana wakati huna la kufanya, kisha inakuachia wakati una mengi. Naisifia kwa jambo moja: kwenye kiwango hicho ukimchelewesha adui anajipandisha daraja katikati ya ugomvi, kwa hiyo inabidi uchague nani afe kwanza. Hiyo angalau ni fikra, si hesabu tu.

Kina chenyewe kipo kwenye shoka, na kingekuwepo hata kwenye kiwango cha chini kabisa. Lirushe kichwani, adui anayumba. Lirushe miguuni, anaanguka. Lirushe kwa nguvu, linamgandisha kwa barafu palepale alipo, nalo linabaki limemchoma. Sasa mikono mitupu: ngumi na ngao hazitoi damu nyingi, lakini zinajaza ule mstari wa kizunguzungu, na ukijaa unamrarua kwa kitufe kimoja. Mwenzake akikujia, unaliita shoka, na likirudi linapiga kila aliyesimama kwenye njia yake, hata kwa mgongoni. Kwa hiyo pa kusimama panakuwa silaha. Unasogea hatua mbili kulia ili adui awe katikati yako na shoka, ndipo unabonyeza pembetatu. Hakuna kitu cha namna hii kwenye zile gemu za zamani, na nazipenda sana.

Tatizo ni kwamba gemu haikudai ujue lolote kati ya hayo. Majitu ya mlimani yanarudi tena na tena, jina jipya, nguzo ileile ya jiwe mkononi. Unamaliza hadithi yote kwa kukwepa na kukata, kukwepa na kukata.

Anayekutahini ni Sigrun, malkia wa Valkyrie, wale wanawake wapiganaji wenye mabawa, na hata kumfikia mpaka uwe umewashinda wenzake wanane. Huyo amebeba mapigo yao wote. Mduara wa njano ukiwaka kabla ya pigo, ngao haikusaidii isipokuwa umeiinua kwa wakati wake hasa; ukiwaka mwekundu, ondoka. Anapaa, anapiga kelele "Valhalla!", na usipoviringika kabla hajatua, uso wako ndio kapeti yake. Nilikaa naye siku tatu, na siku ya tatu nikagundua nimeacha kabisa kuangalia damu yangu, naangalia mabawa yake tu. Ni pambano bora kuliko yote niliyocheza kwenye PS4. Na si la lazima! Mtu anaweza kumaliza gemu, akaisifu, akaiuza, bila kumwona hata unyoya.

Ragnarök, ile iliyofuata ya 2022, ilisahihisha kiasi, ikaongeza aina za maadui na pembetatu ikapewa kazi hata shoka likiwa mkononi. Lakini bado nami ni yuleyule wa bandani.

Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu, ana miaka kumi na moja, alikuja kukaa kwangu likizo. Nikamwekea ile ya 2018 kwenye kiwango cha chini kabisa, kile cha hadithi, nikajua ataponda vitufe tu. Nikatoka kuchukua chai. Narudi, amemgandisha draugr mmoja, anampiga mwingine ngumi, kisha akajisogeza kando ya jiwe na kuliita shoka likawafagia wawili kwa nyuma. Sikumfundisha. Nikamwambia hebu nipe kidogo nikuonyeshe, akanipa pedi, akaniangalia kama dakika mbili hivi.

"Anko," akasema, "mbona wewe hulirushi?"