Siku Nilipozifungisha Ndoa Betri Zangu

Nilikuwa na inveta ya volti 12, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, na betri moja ya ampea-saa 100 (ndicho kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi), iliyokuwa ikilala mapema kuliko mimi. Nikainunulia mwenzake wa ukubwa uleule.

"Kaka, si umwite fundi?" mdogo wangu akauliza.

Fundi wa nini, na mimi nimepanga mawe ya tochi tangu utotoni? Mawe ya tochi hukaa kichwa kwa mkia. Basi nikafunga waya mnene kutoka chanya ya betri hii hadi hasi ya ile. Safi! Nikabaki na waya wa pili mkononi, na chanya na hasi nyingine zinatazamana kama wachumba wanaosubiri shehe. Fyuzi ilikuwa ingali kwenye pakiti yake. Nikaibana ncha ya waya kwa koleo, nikawafungisha ndoa.

PAA!

Mwanga wa buluu, harufu ya mpira unaoungua, na mimi niko juu ya meza. Niseme ukweli: volti 24 hazimrushi mtu. Nilijirusha mwenyewe.

Mdogo wangu, aliyekuwa akinimulikia, akauliza kwa upole, "Ndiyo zinachaji?"

Fundi alipofika hakucheka. Aliziba mdomo kwa kiganja tu, muda mrefu. Kisha akanipa mfano wa mapipa ya maji. Ukiyapandanisha, msukumo unaongezeka: huo ndio mfululizo, volti 24, ampea-saa 100 zilezile, na inveta yangu ingekwenda na maji. Ukiyaweka ubavu kwa ubavu na kuyaunganisha, msukumo ni uleule ila maji ni mengi: hiyo ndiyo sambamba, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, volti 12, ampea-saa 200.

"Na mimi nilifanya ipi?"

"Wewe ulizizungusha zikajila zenyewe." Mamia ya ampea, akasema, hayana pa kwenda ila ndani ya waya. Tena betri iliyotoka kuchajiwa hutoa haidrojeni, na mimi nimeiwashia cheche puani.

Nikadhani amemaliza. Akaitazama betri kongwe, akaitazama mpya, akaniuliza ni nani aliyenituma kumwoza kijana kwa bibi, maana kongwe itamchosha mwenzake kila siku. Hapo mdogo wangu akatoka nje kucheka.

Koleo lile ninalo bado. Lina pengo mdomoni, na kila anayeliazima huelekezwa kwa mdogo wangu, ambaye husimulia vizuri kuliko mimi.