Seremala wa Kraków Angefeli Usaili Wenu

Bwana mmoja msomi wa muziki, ambaye kwa mambo mengine namheshimu, alitoka kwenye onyesho la kwaya yetu la mwisho wa msimu hapa New York akaniambia, kwa sauti ya mtu anayetoa ushauri ambao hakuombwa, kwamba kwaya ya nyimbo za Kiyiddish, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, haipaswi kumpokea kila anayebisha hodi. Alitaka pawe na usaili wa sauti, na ikiwezekana usaili wa lugha, kwa kuwa nyimbo hizi zimebeba kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa na Wanazi na zinastahili heshima. Nilikuwa nimechoka, nikatikisa kichwa tu. Hasira ilikuja baadaye, na ndiyo inayoandika haya.

Tuizungumze basi hiyo heshima. Mordechai Gebirtig, ambaye nyimbo zake hazikosekani katika kwaya yoyote ya namna hii, alikuwa fundi samani mjini Kraków, Poland. Hakusomea muziki na hakujua kuandika nota. Alitafuta lahani zake kwa filimbi, na rafiki zake wanamuziki ndio waliozinakili karatasini. Baada ya Wayahudi wa mji wa Przytyk kushambuliwa mwaka 1936, alitunga wimbo kuhusu mji unaoteketea huku watu wamesimama mikono kifuani wakitazama, na vijana wakauimba wakati wa vita katika mageto, yaani mitaa ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi. Yeye mwenyewe alipigwa risasi katika geto la Kraków mwezi Juni 1942. Sasa mlete mtu huyo mbele ya meza ya usaili, mpeni karatasi ya nota asome papo hapo, kisha mwambieni kwa upole kwamba tutawasiliana naye. Hiyo ndiyo heshima tunayotakiwa kumpa: kwaya inayoimba nyimbo zake kwa masharti ambayo yeye mwenyewe asingeyatimiza.

Wala si yeye peke yake. Kwaya za Kiyiddish za Marekani zilianzishwa na wahamiaji waliokuwa wakishona nguo viwandani mchana na kuja mazoezini jioni, na wengi wao walijifunza sehemu zao kwa sikio. Lazar Weiner, mtunzi aliyeiva hasa, aliongoza kwaya ya chama cha wafanyakazi cha Arbeter Ring kwa zaidi ya miaka 30, na hakuwaonea huruma: aliwafundisha kazi nzito za sauti nne mpaka zikakaa. Ubora ulipikwa mazoezini, haukukaguliwa mlangoni. Msomi wetu akisema kwamba kwaya yetu ina mazoezi machache mno, hapo nitakubaliana naye hata kabla hajamaliza sentensi.

Katika safu yetu ya alto, yaani sauti nzito ya wanawake, kuna bibi mmoja ambaye wazazi wake waliongea Kiyiddish nyumbani. Sauti yake inatetemeka, nota hazisomi, na karatasi yenye maneno yaliyoandikwa kwa herufi za Kilatini haiangalii kabisa. Lakini wimbo ukiwa na mzaha, yeye hucheka kabla ubeti haujaisha, na sisi wengine tunageuka kumtazama tupate kujua kwamba palikuwa na la kuchekesha. Akipita mbele ya jopo la usaili, huyu ndiye wa kwanza kurudishwa nyumbani. (Mimi niliyelelewa Tanga angalau sikusumbuliwa na sauti ya "kh", ambayo Wamarekani wenzangu huitoa kama wamepaliwa.)

Kuhusu usaili wa lugha, nina jibu moja, nalo ni mwimbaji Paul Robeson. Mwaka 1943, baada ya habari za uasi wa geto la Warsaw kumfikia, Hirsh Glik, kijana wa miaka ishirini na ushee katika geto la Vilna (leo Vilnius, Lithuania), aliandika maneno ya wimbo wa wapiganaji na kuyavalisha lahani iliyokwisha kujulikana katika nyimbo za Kisovieti. Mwaka 1949 Robeson, Mmarekani mweusi asiye Myahudi, aliuimba wimbo huo kwa Kiyiddish jukwaani Moscow, wakati ambapo waandishi wa lugha hiyo walikuwa wakikamatwa na serikali ya Stalin. Ndiye Robeson huyuhuyu aliyejifunza Kiswahili London katika miaka ya 1930. Ningependa kujua jopo gani lingethubutu kumwambia kwamba lugha hiyo haimhusu.

Ndugu zangu nao wana lao. Kila nikituma picha kwenye kundi letu la familia, shangazi huuliza, "Wewe na nyimbo za Wayahudi wapi na wapi?" Sisi tunaotaniana kwamba Kiswahili kilizaliwa Zanzibar na kuzikwa Kongo, ilhali Wakongo wanaendelea kukiimba bila kutuomba ruhusa, tungekuwa wa mwisho kuuliza swali hilo. Wanaoniuliza kuhusu Israeli nawajibu kwa ufupi: dola hiyo katika miaka yake ya mwanzo iliibana Kiyiddish, na sehemu kubwa ya nyimbo tunazoimba ni za wafanyakazi wa Ulaya ya Mashariki.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba matena wetu, wanaume wa sauti ya juu, ni wachache na siku nyingine hawasikiki, na kwamba matamshi yetu yangemkera mtu yeyote wa Williamsburg, mtaa wa hapa New York ambako Wahasidi, Wayahudi washika dini sana, wanaitumia lugha hii kila siku, sokoni na nyumbani. Hao hawawezi kuja kutuongoza, kwa kuwa kwao mwanamume haruhusiwi kusikiliza mwanamke akiimba. Lakini wapo wazungumzaji wengine mjini humu, wakiwamo walimu wa lugha, na kwaya yetu ingeweza kumlipa mmoja wao atusomee kila ubeti kwa sauti na kutueleza maana kabla hatujagusa lahani. Hilo nimelipendekeza kwa kamati, na fedha zake zitoke kwenye fungu la sare mpya, ambazo hakuna aliyeziomba.