Kitabu Kimeniletea Kesi na Mama Mkwe

Jamani leo niacheni niseme maana nikiendelea kukaa nalo nitapasuka. Chini ya kitanda changu na sebuleni kuna vitabu 417. Sio vya kusoma, ni vya kuuza, nimeviandika mwenyewe miaka minne, usiku usiku, watu wakishalala. Wife ashazoea, maboksi mawili kayafanya stuli za wageni, jingine limebeba TV, na mgeni akikaa tu ananikata jicho anasema angalau kimepata wa kukikalia.

Riwaya inaitwa Chungu cha Mama Mkwe. Najua. Usicheke. Naapa wakati naandika nilikuwa na mama mkwe wa kubuni kabisa, mkali, anaficha nyama kwenye chungu mkwe akija anatoa mchicha, wangu mimi hana hizo tabia. Wangu anatoa nyama. Anahesabu vipande lakini anatoa.

Balaa lilianzia kwa mpiga chapa, huko Kariakoo. Nimepeleka kazi kurasa 163, jamaa hata hajasoma jina, kavuta karatasi moja kubwa kaikunja mara tatu mbele yangu, kaniambia bro hesabu, hizi ni kurasa 16, kitabu kinaenda kumi na sita kumi na sita, kwa hiyo chagua, 160 au 176, hizo tatu zako zinanifanya nifungue karatasi nyingine nzima, 13 zinabaki nyeupe na wewe unazilipia. Nikasema basi tuchape kopi 100 tu nione upepo. Akacheka. Akasema 100 na 500 bei zinakaribiana maana hela inaliwa kwenye pleti, zile bati za kuchapia, na kufunga mashine, ikishaanza kuzunguka ni karatasi tu na wino. Maneno matamu hayo. Nikachukua 500 kwa mkopo wa kikoba cha mke wangu, marejesho kila Jumamosi, mpaka leo Ijumaa jioni nikisikia wamama wanacheka nje napata homa.

Sasa kurasa tatu nitoe wapi? Nikapitia weee, nikaona kuna mahali mwishoni yule mama mkwe anampikia mkwe wake, analia, anaomba radhi, yanaisha. Kurasa tatu kamili kama zimepimwa. Nikajiambia wabongo wanapenda ugomvi, radhi ya nini. Nikakata. Kumbuka hapo, usisahau.

Hesabu yangu hii hapa. Vimetoka 83. Bure nimegawa 41, maana ndugu wote wanaamini kitabu ni kama mwaliko wa harusi, ni haki yao kuletewa. Vya hela 22, na humo tisa ni vya "nitakurushia mwisho wa mwezi kaka", hawakusema mwezi wa mwaka gani. Vilivyobaki 20 vina stori yake nakuja. Duka la vitabu mjini nilipeleka kumi mali kauli, yaani wakiuza ndo wanakulipa na asilimia yao wanakata, nimekwenda mara tatu, mara ya tatu nimevikuta nyuma ya daftari za mistari, nikavirudisha nyumbani kwa daladala nimevipakata.

Na hongera. Jamani hongera zinaua. Nikiweka stetasi wanaangalia watu 212, "hongera sana kaka tunajivunia", halafu chini yake "nitumie PDF basi". PDF! Mtu anakunywa soda mbili kwa siku hajamwambia mangi nitumie PDF ya soda. Mmoja aliandika meseji ndefu nikajua huyu ananunua, kumbe anauliza lile shati la kwenye picha nimelinunua wapi. Nikamwambia Karume. Akaenda akanunua shati.

Halafu kuna hawa wa "mbona mwenzako". Mbona mwenzako Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, kachukua Nobel 2021. Ni kweli kachukua, na zilikuwa milioni kumi za Sweden, lakini yule anaandika Kiingereza yuko Uingereza tangu ujana wake, mimi niko Mbagala na umeme unakatika nikiwa katikati ya sentensi. Shemeji akaniambia basi si uingie hiyo tuzo ya Mwalimu Nyerere, na yenyewe mshindi milioni kumi. Nikaona hata kufananisha milioni kumi na milioni kumi kunahitaji mwandishi.

Mtu pekee niliyemuona anajua biashara ya hadithi ni marehemu bibi yangu na hakujua kusoma. Alikuwa anaanza paukwa, tunajibu pakawa, sungura anaingia porini, fisi anamfuata, fisi kashika mkia, halafu bibi kimya. Anakohoa. Anasema koo limekauka. Unakimbia kumletea maji. Fisi anavuta kidogo. Bibi kimya tena, anasema hizi karanga hazijamenywa. Mnamenya debe zima la karanga kwa mkia mmoja wa sungura! Hakuna aliyewahi kumwomba PDF.

Nami nikaiga. Nikaweka sehemu ya kwanza kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, nikaishia pale mkwe anafunua chungu, nikaandika ITAENDELEA, anayetaka zote buku kumi. Dakika kumi hazijaisha fundi mmoja wa friji kajibu kwa voisi, kamalizia stori yeye mwenyewe, kwamba ndani ya chungu kuna barua ya baba mzazi wa kijana, watu wakamwaga makopakopa, admini kaandika fundi una kipaji. Kilichoniuma ni kwamba mwisho wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Barua! Mimi niliweka nyama.

Tarehe 7 Julai nikajipa moyo. Hiyo siku UNESCO walishaitangaza tangu 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na kwetu ndo Saba Saba yenyewe, nikasema haiwezekani Kiswahili kinazaliwa upya dunia nzima halafu kitabu cha Kiswahili kikose mtu viwanjani. Banda sina, nikajishikiza pembeni kwa jamaa anauza blenda. Yule ana maiki, ana karoti, ana tangawizi, anasaga huku anaongea, mimi nimeshika kitabu kama nasubiri kuapishwa. Akanionea huruma akatangaza, "na hapa kuna kitabu chake!" Nikauza vitatu ndani ya nusu saa. Nikaanza kuota. Wa nne akakifungua, akakipekua, akaniuliza mbona hakina vipimo, chumvi vijiko vingapi. Ndo nikaelewa. Kava lina chungu, jina lina chungu, na niko kwenye blenda. Wale watatu sijui waliko, na kama wamepika kwa kufuata sura ya pili Mungu awasaidie.

Basi usiku ule ule simu ikaita. Muheza. Mama mkwe mwenyewe.

"Baba Neema."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nasikia umenipika."

Nikaanza kujieleza, kubuni, fasihi, mhusika, nikasikia kimya cha mtu ambaye amekaa na watu wengine na simu iko spika. Akasema marehemu Shaaban Robert alikuwa mtu wa Tanga huku kwetu, na aliandika sana, lakini alikuwa karani wa forodha, ana mshahara wa serikali, hakutafuta hela kwa kumsema mkwewe. Niseme nini? Na ni kweli jamaa alikuwa forodhani, 1926 mpaka 1944. Mwalimu mstaafu jirani yake ndo anampa hizo data, namjua.

Jumapili nikapanda basi na zile kurasa tatu mfukoni, zile nilizokata. Nikamkuta barazani anachambua mchele, nikakaa chini, nikamsomea. Nilipofika pale mama mkwe analia akanyoosha mkono. Akasema, hapo hapana, hapo muongo. Mwanamke mzima halii mbele ya mkwe wake, hata akitaka radhi halii, anasema nenda kanawe mikono, na kwenye sahani yako nyama zinakuwa nyingi kuliko jana, basi, mwenye akili amesikia. Nikabaki nimeshika karatasi. Miaka minne naandika sijawahi kupata mstari kama ule, na huyu kautoa huku anatupa chuya.

Akaniambia niende nikanawe mikono. Sikuhesabu vipande ila vilikuwa vingi.

Wakati natoka akasema niache vitabu 20, nilikuwa nimebeba na boksi nikitegemea kuuza stendi, atawapelekea wenzake wa upatu. Sasa hivyo 20 ndo kesi mpya. Shemeji kanitonya kwamba mama anauza elfu kumi na tano, mimi bei yangu kumi, na kila anayenunua anaambiwa "huyu ndo mimi, soma uone nilivyokuwa mkali". Vimeisha vyote. Hela sijaiona mwezi wa pili, na wewe niambie, kuna mwanaume gani Tanzania hii anampigia mama mkwe kumdai? Unaanzaje? Shikamoo mama, naomba laki mbili?

Jana kapiga yeye. Nikajua ndo hela. Kasema leta thelathini, na chapa nyingine zile kurasa tatu zirudi, ameshazirekebisha, mwalimu ndo kaandika.

Boksi lililokuwa karibu ni lile la TV. Hapa naandika TV iko sakafuni, tunaangalia taarifa ya habari tumelala kifudifudi.