Ngazi ya Samaki Nayo Huzeeka

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mazungumzo kuhusu mabwawa ya mto Ruzizi, utokao ziwa Kivu kwenda ziwa Tanganyika, huanzia kwenye umeme na kuishia kwenye umeme. Samaki hukumbukwa sokoni tu, sambaza, samaki wadogo wa ziwa Kivu, wanapopanda bei. Ndiyo maana nimevutiwa na suala la kukarabati njia za samaki kwenye mabwawa ya zamani, kazi ambayo kwa maoni yangu hukosewa pale mafundi wanapoanza na zege badala ya kuanza na samaki aliyeshindwa kupita.

Katika mto Columbia, Marekani, bwawa la Bonneville lilianza kazi mwaka 1938 likiwa na ngazi za samaki, yaani mfululizo wa vidimbwi vilivyopangwa kama vipandio, ili samoni anayerudi kutaga alikozaliwa aweze kupanda. Samoni, mrukaji hodari, zilimfaa. Hazikumfaa lampre, samaki mwembamba kama mkunga, asiyeruka, ambaye hujibandika ukutani kwa mdomo, akapumzika, akasogea kwa kasi kidogo, kisha akajibandika tena. Kona kali za zege zilimbandua, na mkondo ukamrudisha chini. Dawa yake, iliyokuja baada ya miongo mingi, ilikuwa ya kawaida kabisa: kona zilifanywa za mviringo, na pembeni zikawekwa njia nyembamba za alumini zenye maji machache.

Kwenye bwawa la The Dalles, la mwaka 1957, katika mto huo huo, tatizo ni jingine. Maji ya kumvuta samaki hadi mlangoni mwa ngazi ya mashariki yametegemea mitambo miwili midogo yenye umri wa bwawa lenyewe. Ikisimama bila chanzo kingine cha maji, ngazi ipo lakini samaki haoni pa kuingilia.

Simaanishi kwamba tuige ngazi hizo ili kuunganisha Kivu na Tanganyika. Ruzizi hushuka karibu mita 700 kati ya maziwa hayo, na sambaza wenyewe waliletwa Kivu na binadamu mwishoni mwa miaka ya 1950. Aliyeona rwanda rushya, samaki mwingine wa Tanganyika aliyegunduliwa Kivu mwaka 2006, akigombea chakula na sambaza, hatatamani mlango mwingine ufunguliwe. Wa kufikiriwa ni samaki wanaoishi mtoni humo humo, kati ya bwawa moja na jingine, hasa wakati huu ambapo bwawa la Ruzizi III linapangwa kuongezwa kwenye Ruzizi I ya miaka ya 1950 na Ruzizi II ya 1989.

Hata hivyo, chupa na mifuko ya plastiki tunayoitupa wenyewe ziwani tayari huziba mitambo ya Ruzizi I hadi mji ukakosa umeme. Tundu la kupitia samaki ni dogo kuliko mlango wa mtambo, na litaziba mapema zaidi. Kwa hiyo, kabla mchoro wowote wa njia ya samaki haujapitishwa, ningependa kuona kwenye bajeti mshahara wa watu wa kuondoa takataka hizo kila siku, ukilipwa kutokana na mauzo ya umeme wenyewe.